Kumpima Mfugaji Nyuki kwa Kiangazi: Mada kwa Maofisa Ugani wa Kanda ya Kati



Nimepangiwa kuzungumzia vigezo vya uzoefu na ustadi katika ufugaji nyuki. Maana ya ufugaji nyuki na aina za mizinga mnazifahamu; Sera ya mwaka 1998 na Sheria Na. 15 ya mwaka 2002 mnazitumia kazini. Sitakaa hapo.

Niende kwenye fomu ya usajili. Tunapomsajili mfugaji tunamuuliza ana miaka mingapi katika kazi na ana mizinga mingapi. Jibu la kwanza tunaliita uzoefu, la pili tunaliita uwezo. Nimelisema katika vikao vingi na leo nalisema tena: hakuna hata moja linaloonyesha kama mtu huyu anawajua nyuki. Mzinga uliotundikwa juu ya mgunga kule Bahi ukakaa mtupu misimu mitatu bado unahesabiwa katika takwimu zetu. Miradi inagawa mizinga, inapiga picha siku ya makabidhiano, inafunga taarifa. Wa kuhesabu makundinyuki hayupo.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Inayofuata ni miezi saba ya ukame. Nyuki wetu si kama wale wa Ulaya wanaojifungia na akiba yao majira ya baridi. Maua na maji yakikosekana, wanahama na kuacha masega. Basi mwezi Aprili kila mtu ni mfugaji. Fundi utamjua Novemba. Aliyerina akakwangua hadi sega la mwisho, majana yakiwemo, mizinga yake utaikuta na nondo wa nta. Aliyebakiza masega ya asali, akatafuta kivuli na kuweka maji karibu na manzuki, nyuki wake wapo, hata kama alianza kazi mwaka juzi. Mama mwenye mizinga mitano ambaye minne imevuka kiangazi ni stadi kuliko mwenye mia moja ambaye themanini ni mitupu, lakini fomu yetu inampa mafunzo na mkopo yule wa mia moja. Hili linaniuma.

Asali nayo inashuhudia. Anayejua kazi hurina sega lililokwisha kufunikwa. Asali yake haizidi unyevu wa asilimia 20, nayo haichachi ghalani. Asiyejua huleta ndoo nyingi, mnunuzi akazirudisha.

Sisemi takwimu za mizinga zifutwe. Mipango na bajeti vinazihitaji. Nasema zisisimame peke yake. Napendekeza fomu iongezewe safu ya mizinga yenye nyuki mwezi Novemba. Ofisa ugani afike kwenye manzuki, asijaze kwa simu, naye apewe mafuta ya pikipiki ya kufikia. Kila wilaya iwe na kipima unyevu kinachofanya kazi. Wafadhili wa miradi wapewe taarifa ya makundinyuki baada ya kiangazi kimoja, si taarifa ya makabidhiano. VETA imekwisha kuwatambua waashi, maseremala na mafundi magari waliojifunzia mtaani. Utaratibu huo uwafikie wazee wa Kisandawe kule Farkwa na Kwa Mtoro, ambao ujuzi wao wa asali ni wa vizazi na hawana cheti. Wapimwe kwenye mzinga, si kwa mtihani wa kuandika. Wanaohitimu Chuo cha Ufugaji Nyuki cha Tabora waanzie kazi kwa wazee hao. Na mafunzo yatolewe kwa kufuata nyuki waliobaki, si idadi ya mizinga; narudia kwa sababu ndipo fedha inapopotelea.

Ndugu Mwenyekiti, mengine yanaweza kusubiri bajeti. Safu moja kwenye fomu haihitaji fedha. Naomba kikao hiki kiiridhie leo, ili itumike katika ukaguzi wa Novemba ijayo.