Kisanduku cha Kalamu Zilizoharibika

*Mada iliyotolewa na kikundi cha vijana wakereza mbao mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili*



Tumeombwa tuzungumzie mafanikio ya karakana yetu. Kalamu mnazoziona hapa mezani ndizo mafanikio yenyewe, na baada ya mada mtazishika na kuandika nazo. Lakini tunaomba ruhusa yenu tufungue kwanza kisanduku hiki cha mbao. Ndani yake mna kalamu zilizopasuka, zilizopinda, na nyingine zisizotoa wino. Tumezihifadhi kwa makusudi, na leo tunataka kuwaeleza kwa nini.

Kazi yenyewe

Kalamu zetu tunazikereza kwa masalia ya mpingo, vile vipande vidogo ambavyo wachongaji na wapasua mbao huviacha. Mpingo ni mti wa thamani. Hukua polepole sana, na inakadiriwa kuwa huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kwa hiyo hata kipande cha urefu wa kidole si cha kuchezea.

Kipande hukatwa mraba, kisha hutobolewa katikati kwa keekee ya milimita 7. Ndani ya tundu hugandishwa mrija mwembamba wa shaba. Baada ya gundi kukauka, tunasawazisha ncha zote mbili, tunakifunga kipande kwenye mashine ya kukerezea, na kukipunguza kwa patasi hadi kipate umbo. Hufuata msasa, kuanzia ule mkali hadi laini, halafu nta. Mwisho tunabana ncha, kishikizo na vyuma vingine ambavyo huja kwa seti kutoka nje ya nchi.

Kila hatua ina kosa lake. Ukitoboa kwa haraka, mpingo hupata moto na kupasuka. Ukiacha ncha bila kuzisawazisha, hubaki mwanya kati ya mti na chuma. Ukikaza mno fimbo inayoshika kipande, hupinda, na kalamu hutoka nene upande mmoja. Ukibana vyuma kupita kiasi, mrija wa wino hutokeza nje na haurudi ndani.

Yaliyotupata mwaka 2022

Mwaka 2022 tulipata oda yetu kubwa ya kwanza, kalamu 120 za mkutano uliofanyika Dodoma. Tulizimaliza kwa wakati, tukalipwa, tukashangilia. Katika ripoti yetu kwa wafadhili tuliandika kwamba kalamu 120 zimeuzwa.

Haukupita muda, kalamu zikaanza kurudi. Zilirudi 34, karibu zote zikiwa na ufa mmoja mrefu kuanzia kwenye ncha. Mteja alikuwa muungwana, lakini alitaka kalamu zake, na ilikuwa haki yake. Fedha tulizokuwa tumeweka akiba kwa ajili ya mashine ya pili zikaishia kununua seti mpya.

Tulikaa kikao. Maneno ya kwanza yalikuwa ya kutafuta mchawi: nani alikata, nani alitoboa. Kikao hicho hakikuzaa kitu. Siku ya pili tuliziweka zile 34 mezani, tukazipanga kwa aina ya ufa, tukaanza kuuliza zenyewe zinasema nini. Hapo ndipo tulipojifunza.

Sababu tulizozigundua

Sababu ya kwanza ilikuwa unyevu. Mpingo hukauka polepole, nasi tulikuwa tumetumia vipande ambavyo havijakauka. Huku kwetu pwani hewa ina unyevunyevu, kwa hiyo kalamu zilionekana nzima. Zilipofika Dodoma, kwenye hewa kavu, mti ukaendelea kupoteza maji na kusinyaa. Mrija wa shaba ulio ndani hausinyai. Mti unaosinyaa juu ya kitu kisichosinyaa hauna njia nyingine ila kupasuka.

Sababu ya pili ilikuwa haraka. Mpingo una mafuta yake ya asili, na gundi haishiki vizuri usipoupangusa kwa spiriti na kuukwaruza mrija kwa msasa. Hatua hiyo huchukua dakika chache tu kwa kila kalamu, nasi tuliiruka ili tuwahi tarehe.

Sababu ya tatu ilituumiza zaidi. Baadhi ya zile kalamu zilikuwa na ufa kabla hazijatoka karakanani. Mmoja wetu aliuona, akaujaza unga wa mpingo na gundi, akapiga msasa, akanyamaza. Tulipomuuliza kwa upole, alisema aliogopa. Aliogopa nini? Aliogopa kanuni tuliyoitunga sisi wenyewe, kwamba anayeharibu seti atakatwa malipo yake. Kijana analipwa kidogo, naye ana mama na wadogo zake nyumbani. Tulidhani kanuni ile itapunguza makosa. Kumbe makosa yalibaki palepale, na macho yetu ndiyo yaliyozibwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Kijana huyo aliacha kuja kazini kwa wiki tatu. Tulimfuata nyumbani, tukakiri mbele ya mama yake kwamba kosa halikuwa la mwanawe peke yake. Alirudi. Leo yeye ndiye mtunza kisanduku.

Tunavyofanya sasa

Kwanza, kila kipande kipya hupimwa kwenye mizani ndogo ya jikoni na uzito wake huandikwa kwa penseli ubavuni. Kila wiki hupimwa tena. Uzito ukiacha kupungua, tunajua kimekauka kulingana na hewa yetu. Ncha zake tunazipaka nta ili zisikauke kabla ya katikati. Kwa oda za mikoa yenye hewa kavu tunakitoboa mapema na kukiacha wiki kadhaa zaidi, kwa sababu kipande kilichotobolewa hukauka hadi ndani.

Pili, kanuni ya kukata malipo tumeifuta. Anayeharibu na kuonyesha hadaiwi. Anayeharibu na kuficha hujibu mbele ya kikundi. Ufa mdogo bado tunauziba kwa unga na gundi, maana hiyo ni mbinu halali ya ufundi, ila kalamu hiyo huuzwa kwa bei ya chini na mnunuzi huelezwa.

Tatu, kalamu iliyoharibika haitupwi. Hufungwa karatasi yenye tarehe, hatua iliyokosewa, na kilichofanyika. Anayeanza kujifunza husoma karatasi hizo kabla ya kushika patasi. Zinapokuwa nyingi za kosa moja, tunabakiza mfano mmoja au miwili. Zilizobaki, kama mrija ni mzima, tunakwangua mti wote na kuutumia mrija tena. Na kama mti ni mzima lakini umekuwa mfupi, tunatengeneza kishikio cha funguo.

Makosa hayajaisha. Wiki iliyopita tu patasi ilinasa na kurusha kipande kizima ukutani. Lakini sasa kosa likitokea tunalijua siku hiyohiyo, tungali na nafasi ya kurekebisha.

Ombi letu

Wapendwa wafadhili, ile ripoti yetu ya kalamu 120 haikuwa ya uongo, lakini haikuwa kamili. Baadaye tuliwaandikia barua kueleza zile 34, na tuliogopa kama yule kijana alivyoogopa. Hamkutuacha. Mlituuliza tumejifunza nini, na swali hilo ndilo lililotupa moyo wa kuweka kisanduku hiki.

Kwenu wanakamati wa parokia, mnayo miradi yenu ya kuku, nyuki, cherehani na bustani. Kwenye bajeti wekeni fungu dogo la vitu vitakavyoharibika wakati wa kujifunza, maana vitaharibika tu. Kwenye fomu ya ripoti, baada ya swali la mafanikio, ongezeni swali moja: ni nini hakikufaulu, na mmefanya nini? Na atakayejibu kwa ukweli asiadhibiwe kwa jibu lake.

Tutakipitisha kisanduku hiki kwenu sasa. Tafadhali someni karatasi moja moja, kisha mtuulize maswali.