TOPE LISILOTUA
(Hotuba ya mwanachama mmoja katika mkutano wa Wanafunzi wa Zamani)



Kazi yangu ni kukagua programu za kompyuta zinazoiga mambo ya dunia, kama maji, upepo na joto. Leo sikuja kujisifu. Nimekuja kukiri kosa.

Kompyuta huhesabu kwa nusu, robo, thumuni, na kuendelea kugawa kwa mbili. Sehemu ya kumi haiwezi kuipata kamili, kama sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi kwa desimali. Basi huikata mkia. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Kimarekani wa kuzuia makombora, Patriot, ulikuwa umefanya kazi kwa saa 100 hivi ukihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Mikia iliyokatwa ilikuwa imefika theluthi ya sekunde. Kombora likapita, askari 28 wakafa. Haba na haba hujaza kibaba, hata haba ya makosa.

Sasa langu mimi. Tulikuwa na programu ya kuiga tope linavyotua katika tangi la kusafishia maji. Ilitumia chipu za michoro, zile zilizobuniwa kwa ajili ya picha, ambazo hufanya maelfu ya hesabu kwa pamoja. Ili kwenda mbio, namba zetu zilishika tarakimu saba hivi tu. Tena mpangilio wa kujumlisha hubadilika, hivyo jibu la leo na la jana huweza kutofautiana kidogo mwishoni. Mtihani wangu wa kwanza ulidai majibu yalingane kabisa, ukapiga kelele kila siku. Nilipochoka nikauandika upya: tofauti yoyote chini ya milimita moja, ipite. Kelele zikakoma, nikafurahi.

Tangi lilikuwa mlimani, nasi tulipima kimo kutoka usawa wa bahari, mita 1,500. Chembe ya tope ilipaswa kushuka mita 0.00004 kila hatua. Lakini kwenye 1,500 namba zile haziwezi kuona badiliko dogo namna hiyo. Kompyuta ilitoa, ikabaki na 1,500 ile ile. Tope likaning'inia majini lisitue kamwe! Mtihani wangu, uliokagua hatua moja moja, ukasema sawa. Aliyeng'amua ni mama mmoja mwenzetu kazini, kwa kalamu na karatasi, siku chache kabla ya michoro kupelekwa kwa wajenzi.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulianza kupima kutoka sakafu ya tangi, na tofauti tukailinganisha na mwendo wa chembe yenyewe. Milimita ni kitu kidogo mbele ya mita 1,500, lakini ni safari ndefu kwa chembe ya tope.

Vijana, hapa hapa tulifundishwa kukisia jibu kabla ya kulitafuta, nasi tukanung'unika. Mimi nilikuwa na mashine ya ajabu, nikasahau kukisia. Msinyamazishe kengele kabla ya kujua kwa nini inalia.