Eliya Chini ya Mretemu

Somo letu latoka 1 Wafalme, sura ya 19.

Eliya, shujaa wa Mlima Karmeli, alitishwa na Yezebeli akakimbia. Huko jangwani aliketi chini ya mretemu, akaomba afe. Je, Mungu alimkemea? La. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji. Kule Horebu alimwuliza habari zake, akamsikiliza hata alipoyarudia maneno yale yale. Kisha akampa kazi, na Elisha awe mwenzake.

Sisi je, twawatendeaje akina Eliya walio kati yetu? Mapema mwaka 2008 Kibera iliona moto na damu baada ya uchaguzi. Mwaka 2017 Kawangware nayo ikaona. Na katika nyumba nyingi vita havingoji uchaguzi. Mama mmoja alitujia baada ya ibada. Usingizi ulikuwa umemtoroka. Mlango ukigongwa alitetemeka, akidhani ni yule mume aliyemkimbia. Tulimwambia aombe zaidi. Akashukuru, akaenda, wala hakurudi. Ndugu, tulikosea. Kuomba ni kwema, lakini sisi tulimfunga mdomo kwa maombi.

Tungalimpeleka wapi? Mwaka 2015, huko Dagoretti, ilimo Kawangware, wanawake 421 wenye dhiki ya moyo waliingia katika utafiti. Wengi wao walikuwa wamepata kudhulumiwa. Karibu nusu yao walisaidiwa, si na madaktari wakubwa, bali na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa na kusimamiwa. Kila mama alionana na mhudumu mara 5, dakika 90 kila mara. Alijifunza kupumua polepole ili mwili utulie. Kulichukua tatizo moja na kulitafutia njia. Kurudia kidogo kidogo kazi alizoziacha. Na kutafuta watu wa kumtegemeza. Baada ya miezi 3 dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hamwoni njia ya Eliya hapo? Mwili, maneno, kazi, mwenzi.

Basi nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mkaulize ni nani amefundishwa kazi hii, anasimamiwa na nani, na kama atatunza siri. Mkimwendea mshauri wa kulipwa, msione haya kuuliza kama ameandikishwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 yadai hivyo. Mshauri mwema hamlazimishi mtu kusimulia yote siku ya kwanza. Anayepigwa hata sasa, atafutiwe kwanza mahali pa salama. Na anayetamani kufa, kama Eliya, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nasi wachungaji tusiseme tu, “Nenda.” Twende naye mpaka mlangoni, tumngoje, kisha tuombe pamoja naye njiani.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani, utusamehe tulipowanyamazisha waliojeruhiwa. Utupe masikio. Umrudishe kwetu yule mama, au umpe mwingine wa kumsikiliza vizuri kuliko sisi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.