Ubongo na Ugwe wa Mgongo: Mambo Yampasayo Kila Mtu Kuyajua

Maneno ya hotuba kwa watu wa Mwala

Mtu apitaye Wamunyu, katika sehemu ya Mwala, huwakuta mafundi wa kuchonga wameketi kivulini, kila mmoja na tezo yake mkononi. Kazi hiyo ilianzishwa huko na Mutisya wa Munge, ambaye alijifunza ufundi kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Fundi huupiga mti karibu kabisa na vidole vyake mwenyewe, wala hajikati. Watu husifu mkono wake. Lakini mkono ni mtumishi tu. Mwenye kuamuru ni ubongo, na njia ya kupitisha amri zake ni ugwe wa mgongo. Yafaa kila mtu avijue vitu hivi viwili, kwa kuwa vikikatika hakuna fundi awezaye kuviunga.

UBONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi, nao ni laini kama maziwa yaliyoganda. Kwa sababu ya ulaini huo umewekwa ndani ya fuvu gumu, ukavikwa tando tatu, na kuzungukwa na maji yanayouzuia usigonge mfupa. Wataalamu wamekadiria kuwa ndani yake mna chembe za fahamu kama bilioni 86. Uzito wake ni kama sehemu moja tu katika hamsini ya mwili, lakini hutumia sehemu moja katika tano ya hewa safi ichukuliwayo na damu. Ndiyo sababu mtu akikosa pumzi kwa dakika chache tu, ubongo huanza kufa.

Ubongo una sehemu kubwa tatu. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, uliogawanyika nusu mbili. Nusu ya kushoto huamuru upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia huamuru upande wa kushoto. Mzee apoozaye ghafula mkono na mguu wa kulia hakurogwa: mara nyingi mshipa wa damu umeziba au umepasuka katika upande wa kushoto wa ubongo, naye yapasa afikishwe hospitali saa ile ile. Upande wa mbele, nyuma ya paji la uso, ndiko kwenye kufikiri na kujizuia. Upande wa kisogoni ndiko kwenye kuona. Kwa hiyo mtu aumiaye vibaya kisogoni aweza kupoteza kuona, ijapokuwa macho yake ni mazima.

Sehemu ya pili ni ubongo mdogo, ulio chini kwa nyuma. Huu hupima nguvu za kila pigo na kuuweka mwili sawa usianguke. Kwa huo fundi wa Wamunyu hupiga tezo yake bila kukosea. Pombe huusumbua upesi, na ndiyo sababu mlevi huyumba.

Sehemu ya tatu ni shina la ubongo, linaloshikamana na ugwe wa mgongo. Shina hili huongoza pumzi na mapigo ya moyo mchana na usiku, hata mtu akiwa amelala fofofo.

UGWE WA MGONGO

Watu wengi husema uti wa mgongo na kudhani ni kitu kimoja. Kwa kweli uti ni mifupa, na ugwe ni kamba laini ipitayo ndani ya mifupa hiyo. Pingili za uti ni 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, na tisa za chini zilizoshikamana. Ugwe una urefu wa sentimeta 45 hivi, na unene kama wa kidole cha mwisho. Kutoka kwake hutawanyika jozi 31 za mishipa ya fahamu kwenda mwilini. Habari katika mishipa iliyo ya upesi kabisa hukimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja.

Tena ugwe una amri chache zake wenyewe. Mama ashikaye sufuria ya moto huuondoa mkono kabla hajasikia maumivu. Amri hiyo ilitoka mgongoni. Habari za maumivu zilifika kichwani baadaye.

HATARI NA WAJIBU

Mfupa wa mkono ukivunjika huunga. Ugwe ukikatika hauungi. Ukikatwa kifuani, miguu hufa ganzi na mtu hushindwa kuzuia mkojo. Ukikatwa juu shingoni, hata pumzi hukoma. Mwala ni nchi ya maembe, na mtu aweza kuanguka kutoka juu ya mwembe. Pikipiki nazo ni nyingi katika barabara ya Machakos kwenda Kitui, ipitayo Masii na Wamunyu.

Mara nyingine pingili huvunjika lakini ugwe ukabaki mzima. Hapo ndipo wasaidizi wenye huruma huweza kumharibu mtu, wamshikapo mikono na miguu na kumkunja ndani ya gari. Yapasa wafanye hivi:

1. Wasimkalishe wala kumsimamisha, wala wasimpe maji.

2. Mmoja apige magoti, akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, huku wengine wakiangalia kama anapumua.

3. Akitapika, ageuzwe ubavu kichwa na mwili kwa pamoja, kama gogo.

4. Wamngojee mwenye ujuzi wa kumbeba. Ikiwa hapana budi kumwondoa, watu wengi wamwinue kwa pamoja, wamlaze juu ya ubao au mlango, na kichwa kitegemezwe pande zote mbili kwa nguo zilizokunjwa.

Nairobi iko hospitali ya taifa kwa ajili ya walioumia mgongo, ambako wagonjwa hutunzwa na kufundishwa kuishi tena kwa kiti cha magurudumu. Lakini hata huko ugwe uliokatika haufanywi mpya. Kwa hiyo mwendesha pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu na kuifunga kidevuni, kama sheria ya Kenya itakavyo. Na mwenye kuchuma maembe atumie upondo mrefu akiwa chini.

Haraka haraka haina baraka. Dakika kumi za kumngoja mtu ajuaye kazi zaweza kumwachia majeruhi miguu yake maisha yake yote.