Fungu la Hati Linapokataliwa na Kompyuta



Mkulima akishapima mazao yake na kupewa stakabadhi, huwa amekikabidhi chama jasho lake la msimu mzima. Siku hizi vyama vingi havimwandikii tena katika leja kwa kalamu. Stakabadhi huingizwa katika kompyuta kwa mafungu, na kila fungu hupelekwa leja kwa mara moja. Kazi huwa nyepesi. Lakini kosa moja laweza kulisimamisha fungu zima, na malipo ya wengi yakachelewa.

Ulinzi wa kwanza ni wa mkono. Kabla ya kugusa kompyuta, mtunza vitabu ahesabu stakabadhi za fungu, ajumlishe kilo, kisha ajumlishe hata namba za wanachama. Jumla hizo tatu ziandikwe juu ya fungu na kutiwa sahihi.

Ichukuliwe kuwa fungu la stakabadhi 50 lina kilo 2,846, nayo kompyuta inaonyesha 2,819. Upungufu ni kilo 27. Hesabu hiyo hugawanyika kwa 9 bila baki, na mara nyingi hiyo ni dalili ya tarakimu zilizobadilishana nafasi: pengine kilo 63 zimeandikwa 36. Ikiwa tofauti haigawanyiki kwa 9, itafutwe stakabadhi ya kilo hizo hizo iliyorukwa au iliyoingizwa mara mbili.

Yawezekana kilo zikalingana, lakini jumla ya namba za wanachama isilingane. Hapo mwanachama namba 214 huenda ameandikwa 241. Mizani haikupotea, ila fedha zinakwenda kwa jirani. Jumla ya namba, ambayo peke yake haina maana, ndiyo inayomfichua mkosaji.

Mstari ukikataliwa kwa sababu namba haimo katika daftari la wanachama, usifutwe ili fungu lipite. Kuufuta ni kumfuta mkulima. Ukiwekwa katika akaunti ya kusubiri, uandikiwe sababu na tarehe, na akaunti hiyo isafishwe kabla ya siku ya malipo.

Fungu likikataliwa kwa kuwa mwezi umekwisha kufungwa, tarehe ya stakabadhi isigeuzwe kwa siri. Hesabu za mwezi huo huenda zimekwisha kusomwa na Kamati. Mwenye mamlaka aamue: ama mwezi ufunguliwe kwa maandishi, ama ingizo liwekwe katika mwezi ulio wazi pamoja na maelezo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la hatari kupita yote ni kulirudia fungu kwa haraka. Kwanza itazamwe taarifa ya maingizo kwa namba ya fungu: lipi limefika leja, lipi halijafika. Anayerudia bila kutazama hulipa mara mbili, na kumdai mkulima fedha alizokwisha kutumia ni kazi ngumu na yenye aibu.

Hata wakubwa hujikwaa. Juni 2012, nchini Uingereza, kundi la benki za RBS lilibadilisha programu iliyopanga kazi za mafungu. Matatizo yalipotokea, programu mpya iliondolewa bila kupima kwanza matokeo ya kuiondoa. Wateja zaidi ya milioni 6 waliathirika, na mwaka 2014 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya jumla ya pauni milioni 56. Funzo ni hili: programu isibadilishwe wala kurudishwa bila jaribio na bila nakala ya akiba ya hesabu.

Ndugu Makatibu, kompyuta inapokataa fungu, haimtukani mtu, inauliza swali. Jibu limo katika stakabadhi. Kwa hiyo stakabadhi zitunzwe, nao wanachama wazitunze nakala zao, kwani mlinzi wa mwisho wa hesabu za chama ni mwanachama mwenye karatasi yake mkononi.