Maneno Madogo Yaungayo Barua: Hotuba juu ya Viunganishi vya Kiingereza



 Tulipotakiwa tuchague jambo la kuzungumza, wengine walidhani tutasema juu ya mishahara au juu ya likizo. Mambo hayo ni makubwa, nayo yana siku yake. Leo twataka kusema juu ya jambo dogo, dogo hata mtu asiye karani halioni: yale maneno mafupi ya Kiingereza yaunganishayo sentensi, kama "and", "or", "if", "when", "although" na "unless". Maneno marefu ya Kiingereza hatuyaogopi. Karani akikutana na neno refu hulitafuta katika kamusi, akalinakili bila kosa. Lakini hakuna atafutaye "if" katika kamusi, na hapo ndipo tuangukapo.

Natuanze kwa kisa. Mwenzetu mmoja, karani hodari ambaye barua zake hazikuwa na doa, alipata habari kuwa mama yake mzazi hajiwezi. Akaomba ruhusa, akaenda kwao. Siku za ruhusa zilipokaribia kwisha, mama alikuwa bado kitandani. Moyoni mwake mwenzetu alikuwa na maneno haya: "Nitarudi kazini mama akipona." Maneno mema, ya mtoto mwenye adabu. Akayaandika kwa Kiingereza hivi: "I shall return to duty if my mother recovers." Mkubwa wa ofisi akaisoma barua, akaelewa ya kuwa mama asipopona karani harudi tena. Kazi haikuweza kungoja, na mahali pake pakatiwa mtu mwingine. Mama alipona, alhamdulillahi. Mwenzetu aliporudi alikuta kiti chake kina mwenyewe. Akawa akionyesha nakala ya barua yake kwa kila mtu na kuuliza, "Mbona niliandika kuwa nitarudi?" Ndugu zetu, hakuandika hivyo. Aliandika kuwa labda atarudi.

Kosa hili halikutokana na uvivu, wala halikutokana na ujinga. Lilitokana na tofauti ya lugha mbili. Katika Kiswahili ile "ki" ya "akipona" huchukua mizigo miwili kwa mara moja. Mtu asemapo "mama akipona", hasemi kuwa atapona, wala hasemi kuwa hatapona. Jambo lenyewe amemwachia Mungu. Kiingereza hakimpi nafasi hiyo. Humsimamisha mlangoni na kumwuliza: Je, huna hakika? Basi andika "if". Au una hakika, nawe wangoja saa yake tu? Basi andika "when". Mwenzetu angaliandika "as soon as my mother is well", na kutaja siku ambayo atapeleka habari nyingine, mkubwa wake asingalikuwa na shaka.

Hili ndilo fundisho la kwanza, nalo ni mama wa mengine yote: Kiswahili mara nyingi huficha kiungo ndani ya kitendo, bali Kiingereza hukiweka nje, peke yake, mahali pa kuonekana. Sisi twasema, "Alifika, akasalimu, akatoa barua." Ile "ka" imekwisha kuyafunga mambo matatu kwa taratibu yake, wala hatuhitaji neno jingine. Karani akiyaandika hayo kwa Kiingereza bila kiungo, huwa sentensi tatu zilizotupwa mezani. Akitia "and" kila mahali, huwa kama mtoto asimuliaye safari yake ya sokoni. Mwandishi mzuri husema, "When he arrived he greeted us and handed over the letter." Kadhalika twasema, "Ningalijua nisingalikwenda," na sharti lote limo katika "ngali". Mwingereza mara nyingi huanza na "if": "If I had known, I should not have gone." Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tutazame kwanza ndani ya kitendo: ni kiungo gani kilichojificha humo?

Fundisho la pili ni juu ya viungo viwili panapotakiwa kimoja. Sisi twasema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika," na masikio yetu hayaoni kosa. Basi karani huandika, "Although it rained, but we arrived." Kwa Kiingereza hayo ni kumfunga mbuzi mmoja kwa kamba mbili. Chagua "although" uache "but", au chagua "but" uache "although". Vivyo hivyo twasema, "Kwa sababu alichelewa, ndiyo maana aliandikiwa barua." Kiingereza hutosheka na "because" peke yake.

Fundisho la tatu ni la hatari zaidi, maana linahusu kukana. Twasema, "Nilimaliza kazi kabla hajafika." Ile "hajafika" ina sura ya kukana, lakini hakuna aikanaye safari ya mtu huyo. Kiingereza husema "before he arrived", bila "not" yo yote. Na "unless" ni neno ambalo kukana kumekwisha kuwamo ndani yake, kama "asipo" yetu katika "asipolipa". Mfikirieni mwandishi wa chama atakaye kuwaonya wasiolipa ada, akabandika tangazo hili: "Unless a member does not pay his fee, his name will be removed." Maana yake ni kwamba kila alipaye ada jina lake litafutwa, na asiyelipa atabaki salama! Twaona mnacheka, lakini tangazo likiwa la kodi, au la kesi, au la dawa ya hospitali, hakuna atakayecheka.

Wala asidhani mtu ya kuwa mashaka haya ni ya wageni wa Kiingereza tu. Waingereza wenyewe wamewahi kulipa ghali kwa neno la herufi mbili. Mzee mmoja wa Uingereza, Caleb Diplock, alikufa mwaka 1936 akaacha mali nyingi. Katika wasia wake aliagiza mali iliyobaki itumiwe kwa mambo yaliyo "charitable or benevolent", yaani ya sadaka au ya wema, kama wasimamizi wake watakavyochagua. Wasimamizi wakagawa zaidi ya paundi 200,000 kwa hospitali na vyama vya sadaka 139. Kisha wakatokea jamaa za marehemu wakaushtaki wasia. Shauri likapanda mpaka Baraza la Malordi, nalo mwaka 1944 likaamua kwamba agizo hilo ni batili. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Kiingereza yajua mipaka ya neno "charitable", lakini "benevolent" halina mpaka. Na ile "or" iliwapa wasimamizi ruhusa ya kuchagua jambo la wema lisilo la sadaka. Lau ingaliandikwa "and", mambo yote mawili yangalifungwa pamoja, na wasia ungalisimama. Vyama vikadaiwa fedha ambazo vilikwisha kuzipokea, na kesi zikaendelea miaka kadha. Neno moja, mabwana!

Huenda mwingine akavunjika moyo, akasema viungo vya watu hatuviwezi. La, hasha. Hebu tuvitazame vyetu wenyewe. "Lakini", "au", "ama", "wala" na "hata" vyote vimetoka katika Kiarabu, na "kwa sababu" pia ina neno la Kiarabu ndani yake. Wazee wetu waliyapokea maneno hayo, wakayapima, wakayaweka mahali pake, na leo hakuna mtoto wa Kiswahili ayakoseaye. Hawakuyapata kwa kamusi. Waliyapata kwa kusikiliza na kwa kuyatumia kila siku.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, barua ikiisha kuandikwa, isitiwe katika bahasha kabla ya kuisoma kwa sauti na kutia kidole juu ya kila kiungo, tukijiuliza: hiki chafunga nini na nini? Pili, sentensi ikiwa na viungo vitatu au vinne, tuikate. Nukta haina aibu. Tatu, kila mmoja awe na daftari ndogo, na kila aonapo kiungo kilichotumiwa vizuri katika kitabu au barua, akiandike pamoja na sentensi yake nzima, kwa maana kiungo peke yake hakifundishi kitu.

Mabwana, mitepe ya zamani ya pwani yetu haikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, nayo ilibeba mizigo baharini. Msafiri aliisifu mbao na tanga, lakini fundi aliikagua kamba. Na sisi tulio makarani tuikague kamba, ili mwenzetu mwingine aandikapo kuwa atarudi, asomaye ajue kuwa atarudi.