Hasira Isiyofika Kwenye Sanduku la Kura

Leo nakupeleka Marekani, na safari naianzia jikoni.

Januari 2019, jijini Washington, mpishi maarufu José Andrés alifungua jiko la chakula cha bure katika barabara ya Pennsylvania. Barabara hiyo ndiyo inayotoka jengo la Bunge kwenda Ikulu ya White House. Ili upate sahani yako, ulionyesha kitambulisho cha kazi ya serikali kuu. Foleni ilikuwa ndefu, na kipupwe kilikuwa kikali. Waliosimama pale walikuwa watumishi wa umma, na slipu zao za mshahara za tarehe 11 mwezi ule zilisomeka sifuri. Hawakuwa na kosa lolote kazini. Serikali ilikuwa imefungwa kwa sababu Rais Donald Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico, chama cha Democratic kikakataa, na bajeti ikakwama katikati. Watumishi wapatao 800,000 walikosa mshahara, na karibu nusu yao walitumwa nyumbani. Waliobaki walitakiwa kuendelea na kazi bila malipo, wakiwemo wakaguzi wa mizigo katika viwanja vya ndege, walinzi wa magereza na waongoza ndege.

Wabunge wenyewe walilipwa kama kawaida, maana sheria inaulinda mshahara wao. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Safari hii wenye shibe na wenye njaa walitenganishwa na mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.

Mvutano ule ulidumu siku 35. Siku ya mwisho, tarehe 25 Januari, waongoza ndege wachache hawakufika kazini, na safari za kuelekea uwanja wa LaGuardia, New York, zikasimamishwa kwa muda. Siku hiyohiyo Rais alikubali kuifungua serikali bila fedha za ukuta. Sitasema kwamba ndege peke yake ndizo zilizomaliza ugomvi. Lakini tazama mpangilio wa mambo: wiki tano za serikali kufungwa zilivumilika, na asubuhi moja ya ndege kutua kwa kuchelewa haikuvumilika.

Msikilizaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja. Wamarekani wamechoshwa na ukwamishaji, na wanalisema hilo waziwazi miaka nenda miaka rudi. Kwa nini basi ukwamishaji unazidi kustawi?

Sehemu ya jibu iko katika kanuni. Seneti ya Marekani ina wajumbe 100. Ungedhani kura 51 zinatosha kupitisha muswada. Zinatosha, ila kwanza mjadala ufungwe, na kuufunga mjadala kunahitaji kura 60. Zamani aliyetaka kukwamisha alilazimika kusimama na kusema mpaka nguvu zimwishie. Mwaka 1957 seneta Strom Thurmond wa South Carolina alizungumza saa 24 na dakika 18 kupinga sheria ya haki za raia weusi. Leo hata koo haliumi. Chama kinatoa taarifa tu kwamba hakikubali mjadala ufungwe, na muswada unalala.

Kanuni hiyo ina sura za watu. Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, mtu mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Aprili 2013, Seneti iliketi kupigia kura pendekezo la maseneta wawili, Joe Manchin wa Democratic na Pat Toomey wa Republican: anayenunua bunduki kwenye maonyesho ya silaha au mtandaoni achunguzwe kwanza rekodi yake. Kura za maoni zilionyesha Wamarekani tisa katika kila kumi wanaunga mkono uchunguzi wa aina hiyo. Kura za ndiyo zikawa 54, za hapana 46. Pendekezo likaanguka kwa sababu 54 si 60. Juu kwenye roshani ya wageni, mwanamke mmoja akapaza sauti kuwaambia maseneta waone haya. Akatolewa nje.

Hebu mfikirie mama yule. Upande wake ulikuwa na kura nyingi ukumbini, na nchi karibu nzima ilikuwa nyuma yake, bado akashindwa. Hasira ya mpiga kura wa Marekani huanzia mahali kama pale. Mtu anaambiwa kila siku kwamba nchi yake inaongozwa na wengi, kisha anaona kwa macho yake wachache wakifunga mlango.

Na mlango huo haufungwi na chama kimoja tu. Mwaka 2016, Jaji Antonin Scalia alipofariki, Rais Barack Obama alimteua Merrick Garland kuziba pengo katika Mahakama ya Juu. Kiongozi wa Republican katika Seneti, Mitch McConnell, alikataa hata kumsikiliza, kwa hoja kwamba mwaka wa uchaguzi wananchi waachiwe waamue. Uteuzi ule ulikaa siku 293 bila kikao hata kimoja. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Oktoba 2020, siku nane kabla ya uchaguzi wa rais, Seneti iliyoongozwa na McConnell huyohuyo ilimthibitisha Amy Coney Barrett. Democratic nao, walipokuwa wachache mwaka 2025, walizitumia kura hizohizo 60 kuzuia bajeti, wakitaka ruzuku za bima ya afya ziendelee. Sababu yao ilikuwa nzito. Lakini serikali ilifungwa siku 43, ikaivunja rekodi ya 2019, na watu wapatao milioni 42 wanaotegemea msaada wa chakula wa serikali wakaingia Novemba hawajui watapika nini.

Sasa turudi kwenye hasira. Kiswahili kinasema hasira hasara, na ukitaka kuiona hasara hiyo kwa tarakimu, tazama miaka ya 2013 na 2014.

Oktoba 2013 Warepublican katika Baraza la Wawakilishi waliifunga serikali siku 16 wakitaka kuiua sheria ya bima ya afya ya Obama. Watu walikasirika mno. Mwezi uliofuata, kampuni ya utafiti ya Gallup iliwauliza Wamarekani kama wanaridhika na kazi ya Bunge lao, na asilimia 9 tu wakasema ndiyo. Ungetegemea uchaguzi uliofuata uwe siku ya hukumu. Novemba 2014 ikafika. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 36 ya wenye haki ya kupiga kura, kiwango cha chini kuliko vyote tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Zaidi ya asilimia 90 ya wabunge waliogombea tena wakarudi vitini. Na chama kilichoifunga serikali kikajiongezea viti tisa na kuitwaa Seneti.

Ndugu msikilizaji, ungekuwa wewe ni mwanasiasa, ungejifunza nini hapo? Ungejifunza kwamba hasira ya watu ni moshi, hutanda na kuwasha macho, kisha upepo ukipita hutoweka.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo hasira haitoweki, napo ni kwenye mchujo wa chama, yaani kura ya kumpata mgombea wake. Maeneo mengi ya uchaguzi Marekani yamechorwa kiasi kwamba mshindi anajulikana mapema. Huku ni kwa Republican daima, kule ni kwa Democratic daima. Katika eneo la namna hiyo Novemba ni ya kukamilisha utaratibu. Vita halisi ni mchujo, na wanaokwenda kwenye mchujo ni wachache wenye msimamo mkali. Juni 2014, huko Virginia, Eric Cantor, mtu wa pili kwa cheo kati ya Warepublican wa Baraza la Wawakilishi, aliangushwa na mwalimu wa chuo asiyejulikana, Dave Brat, ambaye pamoja na mengine alimshutumu kwa kulegea katika suala la uhamiaji. Kura zote zilizopigwa zilikuwa kama 65,000, katika eneo lenye watu zaidi ya 700,000. Takriban mtu mmoja katika kila kumi aliamua kwa niaba ya wengine, na kila mbunge Washington akaipata salamu.

Salamu ile inaendelea kufika. Septemba 30, 2023, Spika wa Baraza la Wawakilishi, Kevin McCarthy wa Republican, alishirikiana na Democratic kupitisha bajeti ya muda ili serikali isifungwe. Siku tatu baadaye waasi wanane wa chama chake wakaungana na Democratic wote waliokuwepo, wakamng'oa kwa kura 216 dhidi ya 210. Hakuna Spika wa Marekani aliyewahi kung'olewa hivyo kabla yake. Naye alikuwa ametoka kuiepusha nchi na foleni nyingine kama ile ya barabara ya Pennsylvania.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Ukwamishaji unastawi kwa sababu anayekwamisha halipi, na anayepatanisha analipishwa. Kanuni ya kura 60 ni mbovu, nami naamini ingefaa ibadilishwe, angalau anayetaka kuzuia muswada arudi kusimama na kusema mbele ya nchi nzima. Lakini kanuni haitabadilishwa na wanaonufaika nayo mpaka waone kuna bei. Bei hiyo anayo mikononi mwake yule mwananchi wa wastani, anayelaani mbele ya televisheni Oktoba, kisha siku ya mchujo anabaki nyumbani kwa kuwa haijui hata tarehe yake.

Simlaumu kwa kuchoka. Mtu aliyeona kura 54 zikishindwa na 46 ana haki ya kuuliza kura yake ina kazi gani. Namwambia tu kwamba kukata tamaa kwake ndiko kunakomlinda anayemkwamisha. Kiti kinachoamuliwa na watu 65,000 si mlima. Mitaa michache ikikubaliana kwenda pamoja, mizani inahama.

Najua wengi wenu mna ndugu kule: Minneapolis, Dallas, Louisville na kwingineko, na baadhi yao wamekwisha kula kiapo cha uraia. Uchaguzi wa Bunge la Marekani umepangwa tarehe 3 Novemba 2026, viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi na karibu theluthi moja ya Seneti, na michujo hutangulia miezi kadhaa kabla, kila jimbo kwa siku yake. Ukizungumza na ndugu yako wa kule kwenye simu wiki hii, mkishajuliana hali, mkimaliza habari za watoto na za nyumbani, muulize na hili: mchujo wa kwenu ni tarehe ngapi?